Ndoa ya nyumbani, ndoa ya kanisa au ndoa ya komini: ni ipi inayolinda nyumba yenu Lubumbashi?

Katika Lubumbashi, nchini Kongo (DRC), mwanamume anaweza kufunga ndoa mara tatu na mwanamke yule yule, na hakuna atakayeshangaa. Kwanza wazee wa pande mbili hukaa sebuleni, mahari huhesabiwa mbele ya mashahidi, na jioni hiyo binti huitwa mke wa fulani. Baadaye, pengine baada ya miezi, pengine baada ya miaka na watoto kadhaa, wawili hao huenda komini, yaani ofisi ya serikali ya mtaa, kusaini kitabu cha serikali. Mwisho hufika kanisani, ambako kwaya huimba na mchungaji au padri hubariki pete. Kwa kuwa kila moja ya siku hizo tatu huitwa ndoa, wengi huamini kwamba zote zinafanya kazi moja na kwamba tofauti yake ni gharama na idadi ya wageni. Hazifanyi kazi moja, na anayechagua moja na kuiacha nyingine anapaswa kujua anachokiacha.

Ninaziweka hapa bega kwa bega kwa kuuliza jambo moja tu: mume au mke akifariki, nyumba ikitaka kuuzwa, mwajiri akidai hati, au wawili wakiachana, ni ndoa ipi itakayosimama? Swali hili halikunijia vitabuni. Mama mdogo wangu aliishi na mumewe zaidi ya miaka ishirini katika parsele (kiwanja chenye nyumba) ya Katuba waliyoijenga pamoja, tofali kwa tofali. Mahari ilikuwa imetolewa, wazee walioipokea walikuwa bado hai, na kanisa liliwabariki. Alipofiwa, shemeji zake hawakumfukuza. Walimwomba tu, kwa sauti ya upole, awaonyeshe hati ya komini. Hati haikuwapo. Kuanzia siku hiyo mwanamke ambaye mtaa mzima ulimjua kuwa mke alilazimika kuthibitisha, kikao baada ya kikao, kwamba aliwahi kuolewa. Nilimsindikiza katika vikao hivyo, na ndiyo maana naandika bila kuficha upande wangu.

Sheria inayotawala mambo haya ni Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa kwa kina na sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Inatumika Lubumbashi kama inavyotumika Goma, Bukavu na Kinshasa, iwe wahusika ni Waluba, Wabemba, Walamba, Warund au watu waliohamia kutoka Kasai. Nayataja makabila haya kwa makusudi, maana jambo hili litarudi tutakapofika kwenye urithi.

Meza ya wazee

Ndoa ya nyumbani si ndoa bandia, na yeyote anayeidharau haijui sheria. Sheria ya Jamaa inasema wazi kwamba ndoa inaweza kufungwa kwa njia mbili: ama inafungwa katika jamaa kufuatana na mila za wahusika, kisha inaandikishwa na ofisa wa hali ya kiraia, yaani ofisa wa komini anayeandika ndoa kitabuni, ama inafungwa moja kwa moja mbele ya ofisa huyo. Njia zote mbili ni halali. Mila hufuatwa mradi haziendi kinyume na sheria: wote wawili wawe wametimiza miaka 18, kila mmoja awe ameridhia kwa kinywa chake mwenyewe, na mahari iwe imetolewa angalau sehemu. Sharti hilo la mwisho huwashangaza vijana wanaodhani kwamba wakikimbilia komini wataepuka wakwe. Hawawaepuki. Hata mbele ya ofisa, ndoa haifungwi kama hakuna mahari iliyofika mikononi mwa wazazi wa binti, ijapokuwa si lazima iwe imekamilika.

Nguvu ya meza ya wazee ni ya kweli. Pale ndipo jamaa mbili hujuana, ndipo mshenga hukubali kubeba maneno ya pande zote, na ndipo hupatikana watu watakaoitwa mume na mke wanapogombana, kabla shauri halijafika kwa mtu asiyewajua. Kati ya wawili wenyewe, ndoa hiyo ina nguvu tangu siku ilipofungwa: wana wajibu wa kutunzana, kukaa pamoja na kulea watoto. Lakini nguvu hiyo huishia kizingitini. Kwa watu wa nje, yaani mnunuzi wa nyumba, benki, mwajiri, mhifadhi wa hati za ardhi, na hata mwanamke mwingine, ndoa huanza kuonekana inapoandikishwa.

Hapo kwenye mwanamke mwingine naomba msomaji atulie kidogo. Sheria yetu inakataza mtu kufunga ndoa mpya kabla ile ya kwanza haijavunjwa. Hata hivyo, inapofafanua ndoa ni nini, inasema ni muungano wa mwanamume na mwanamke ambao hakuna kati yao aliyefungwa na ndoa ya awali iliyoandikishwa. Neno hilo moja, iliyoandikishwa, ndilo linalobeba mzigo wote. Mwanamume aliyetoa mahari Kamalondo na hakwenda komini anaweza, miaka kumi baadaye, kusimama komini ya Kampemba na mwanamke mwingine, na ofisa akifungua kitabu chake hataona kizuizi chochote. Yule wa kwanza, mwenye mashahidi, mahari na watoto, atakuwa ndiye anayeitwa wa pembeni. Sijui maneno ya kulainisha jambo hili.

Sheria inatoa muda mfupi wa kuziba pengo hilo: ndani ya mwezi mmoja baada ya sherehe ya nyumbani, wanandoa wanatakiwa kufika mbele ya ofisa wa hali ya kiraia, kila mmoja akiwa na shahidi wake, ili ndoa iliyokwisha kufungwa ithibitishwe na kuandikwa kitabuni. Mtu akishindwa kufika mwenyewe anaweza kumpa mwingine mamlaka kwa maandishi.

Madhabahu

Kuhusu ndoa ya kanisa nitasema machache, si kwa kukosa heshima, bali kwa sababu kisheria hakuna mengi ya kusema. Baraka peke yake haizai haki yoyote ya kiraia. Hati nzuri yenye muhuri wa parokia au wa usharika haimpi mjane sehemu ya urithi wala haimzuii mume kuuza parsele. Mapadri na wachungaji wengi wa mjini wanalijua hilo, na ndiyo maana huomba hati ya komini kabla ya kupanga tarehe ya misa au ibada. Kama kanisa lako halikuombi, jiombee mwenyewe.

Kitabu cha komini

Tukifika komini kuna milango miwili, na watu huichanganya. Mlango wa kwanza ni wa kuandikisha: ndoa imefungwa nyumbani, ofisa anaithibitisha tu. Mlango wa pili ni wa kufunga: ofisa mwenyewe ndiye anayewauliza wawili kama wanakubaliana na kuwatangaza kuwa mume na mke, baada ya tangazo la ndoa kubandikwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Matokeo yake ya mwisho ni mamoja, kwa maana wote wanatoka na hati ya ndoa yenye uzito uleule. Tofauti iko katika njia.

Kwa maoni yangu mlango wa kwanza unawafaa wengi zaidi hapa kwetu. Jamaa zimeridhika, hakuna sherehe ya pili ya lazima, na gharama kubwa inayowatisha vijana, yaani ukumbi, nguo, magari na kamera, haihusiani kabisa na kitabu. Nimesikia mara nyingi mtu akisema, «Tutakwenda komini tukipata pesa,» kana kwamba ofisa anadai keki. Kinachodaiwa ni vitambulisho, mashahidi, uthibitisho wa mahari na malipo ya ofisi, ambayo una haki ya kuyadai yaandikwe kwenye risiti. Mlango wa pili unawafaa zaidi wale ambao mila zao zinagongana kuhusu jinsi sherehe inavyopaswa kwenda, au ambao wazazi wako mbali, au ambao kwa imani yao hawataki sehemu fulani za mila. Huo nao unadai uangalizi wa mapema kwa sababu ya tangazo, hivyo asiufuate mtu mwenye haraka ya wiki moja.

Swali la dakika moja

Mbele ya ofisa kuna swali ambalo wengi hulijibu bila kulisikia, kwa sababu linaulizwa kwa Kifaransa, kwa haraka, na wageni wamekwisha kuinua simu kupiga picha. Ofisa anawaeleza taratibu tatu za mali na kuwataka wachague mmoja. Ukiolewa nyumbani tu, swali hili halikufikii kamwe, na hiyo peke yake ni sababu tosha ya kwenda.

Utaratibu wa kwanza, séparation des biens, ni kila mtu na mali yake: kilicho changu kabla ya ndoa na nitakachokipata ndani ya ndoa ni changu, na chako ni chako, ingawa wote wawili wanabaki na wajibu wa kuchangia matumizi ya nyumbani. Wa pili, communauté réduite aux acquêts, huacha kila mmoja na alichokuwa nacho kabla ya ndoa pamoja na anachorithi au kuzawadiwa, lakini kila kinachochumwa wakiwa pamoja ni cha wote wawili, nusu kwa nusu. Wa tatu, communauté universelle, huchanganya vyote, vya kabla na vya baada. Wasipochagua, au uchaguzi wao usipoeleweka, sheria inawaweka katika ule wa pili.

Maneno haya ni makavu mpaka uyatie hesabu. Tuchukue mume aliyefariki bila deni, akiacha mke, watoto, wazazi wake na ndugu zake. Katika ndoa walijenga nyumba Ruashi ambayo leo ina thamani ya dola 36,000. Hesabu inategemea ngazi za warithi: ngazi ya kwanza ni watoto, ambao huchukua robo tatu ya mirathi, ngazi ya pili ina makundi matatu, yaani mjane au mgane, wazazi, na ndugu wa marehemu, ambayo hugawana robo iliyobaki, kila kundi likipata sehemu moja ya kumi na mbili. Baba wadogo, wajomba na mashangazi wako ngazi ya tatu, na hawapati kitu pale ngazi zilizotangulia zina watu.

Chini ya utaratibu wa pili, nusu ya nyumba, dola 18,000, si mirathi hata kidogo. Ilikuwa mali ya mke tangu mwanzo. Kinachogawanywa ni nusu ya marehemu: watoto 13,500, kisha mjane 1,500, wazazi 1,500 na ndugu 1,500. Mjane anaondoka na 19,500 kwa jumla. Chini ya utaratibu wa kwanza, nyumba ikiwa imeandikwa kwa jina la mume na fedha ikihesabiwa kuwa yake, nyumba nzima ni mirathi: watoto 27,000, na mjane hupata 3,000 tu, sawasawa na shemeji zake wote kwa pamoja. Chini ya utaratibu wa tatu hesabu ya nyumba hiyo ni ileile ya wa pili. Tofauti inaonekana kama mume alikuwa na parsele kabla ya kuoa. Tuseme ina thamani ya dola 12,000. Katika utaratibu wa pili parsele hiyo yote ni ya marehemu, na mjane hupata 1,000. Katika wa tatu nusu yake ni ya mjane moja kwa moja, na juu ya hiyo anarithi 500, yaani 6,500.

Na yule ambaye ndoa yake haikuandikishwa? Mbele ya shemeji wanaokataa kumtambua, hesabu yake inaanzia sifuri, hadi hapo mahakama itakaposema vingine.

Kuna haki nyingine ambayo haionekani katika hesabu hii na ambayo, kwa wajane wengi, ina thamani kuliko dola. Mwenzi aliyebaki ana haki ya kuendelea kuitumia nyumba waliyokuwa wakiishi, pamoja na vyombo vyake, hata kama umiliki umekwenda kwa watoto. Sheria haimpi nyumba hiyo aiuze, inampa paa. Shemeji anayekuja na gari kubeba makochi kabla arobaini haijafika anavunja haki hiyo, na mjane mwenye hati mkononi anaweza kumwambia hivyo mlangoni.

Je, uchague upi? Sitajificha nyuma ya maneno ya jumla. Kwa vijana wawili wanaoanza bila mali, wenye kutegemea mshahara wa kampuni ya madini, biashara ndogo katika soko la komini ya Kenya hapa mjini au ualimu, utaratibu wa pili ndio wa haki, kwa sababu unahesabu pia kazi ya yule aliyebaki nyumbani kulea watoto wakati mwenzake akileta fedha. Utaratibu wa kwanza una mahali pake: mfanyabiashara anayekopa sana, mwanamume au mwanamke anayesafirisha mali kupitia mpaka wa Kasumbalesa na ambaye hasara ya safari moja inaweza kuvuta kila kitu, ana sababu nzuri ya kumkinga mwenzake na madeni yake. Vivyo hivyo mjane au mgane anayeoa tena akiwa na watoto wa ndoa ya kwanza, ambaye anataka mali ya mama au baba yao ibaki yao. Lakini anayechagua utaratibu huo ahakikishe kwamba jina lake limeandikwa kwenye hati za kile alichokinunua. Mke anayetoa nusu ya fedha za tofali na kuacha hati kwa jina la mume amejitenga na mali yake mwenyewe. Utaratibu wa tatu ninausifu kwa wachache tu: wanandoa wa umri mkubwa, waliokwisha kuishi pamoja miaka mingi, wasio na watoto nje ya ndoa hiyo.

Mila za pande mbili

Lubumbashi ni mji wa mchanganyiko, na huzuni ya kifo hufungua tofauti ambazo mahari ilizifunika. Kwa Wabemba na Walamba ukoo hufuata upande wa mama, na kwa mila urithi wa mwanamume uliwaelekea ndugu zake wa tumbo moja na watoto wa dada zake. Kwa Waluba wa Katanga ukoo hufuata upande wa baba. Jamaa mbili zinapokutana katika parsele moja, kila moja huja na mila yake, na kila moja huamini kwa moyo safi kwamba inadai kilicho chake. Sheria imekata mzizi wa mabishano hayo: watoto wote wako mbele, wa kike na wa kiume kwa usawa, bila kujali ukoo unahesabiwa upande gani. Mjomba anaweza kuwa mshauri mwema wa watoto, lakini si mrithi kabla yao.

Watoto, kwa bahati nzuri, hawapotezi haki yao kwa sababu wazazi hawakufika komini, mradi baba aliwatambua kisheria akiwa hai. Ndiyo maana kumwandikisha mtoto ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa, kwa jina la baba yake, ni sehemu ya shauri hilihili. Katika kisa cha mama mdogo wangu, hati za kuzaliwa za watoto ndizo zilizozuia nyumba isiondoke. Yeye alibaki humo kama mama wa warithi, si kama mke.

Nyumba, kazi na talaka

Mume akitaka kuuza nyumba ya jamaa, sheria inadai ridhaa ya wanandoa wote wawili, hata pale hati ina jina moja. Hiyo ni kinga kubwa kwa aliyeandikishwa. Kwa asiyeandikishwa, mnunuzi atasema kwamba alimwona mtu mmoja na hati moja, na atasikilizwa. Hapo muda nao ni adui: chini ya sheria ya ardhi ya mwaka 1973, sertifika, yaani hati ya umiliki, iliyotolewa kwa mnunuzi mpya ikipitisha miaka miwili haishambuliki tena kirahisi, na anayelalamika hubaki na madai ya fidia badala ya nyumba. Mwenye hati ya ndoa aipeleke nakala kwenye ofisi ya hati za ardhi mapema, ili iingie katika faili ya parsele.

Niongeze kwamba tangu mwaka 2016 mke hahitaji tena ruhusa ya mume ili kufungua duka, kusaini mkataba au kusimama mahakamani. Kabla ya hapo sheria ilimdai ruhusa hiyo. Bado nakutana na watu, hata maofisini, wanaomwambia mwanamke alete barua ya mumewe. Ajibu kwa heshima kwamba sheria ilibadilika.

Kazini jambo ni fupi. Mwajiri ana wajibu wa kumtibu mfanyakazi pamoja na mke na watoto anaowalea, na sheria ya kazi ya mwaka 2002 inatoa siku 2 za mapumziko yenye malipo kwa ndoa ya mfanyakazi na siku 4 akifiwa na mwenzi wake. Idara ya wafanyakazi haitaki picha za sherehe, inataka hati. Vilevile malipo ya mjane kutoka hifadhi ya jamii yanaanza na karatasi hiyohiyo.

Kuhusu kuachana, kimila ndoa ya nyumbani mara nyingi huvunjwa na wazee walewale walioifunga, na hilo huonekana jepesi hadi mke anapogundua kwamba hakuna aliyezungumzia nyumba. Ndoa iliyoandikishwa huvunjwa na mahakama ya amani pekee, ile tunayoiita tripaix, baada ya jaribio la kupatanisha, na hapo mgawanyo wa mali kufuatana na utaratibu uliochaguliwa ni sehemu ya shauri. Ni ndefu zaidi na inachosha zaidi. Kwa mwenye nguvu ndogo katika ndoa, urefu huo ndio ulinzi wake.

Waliochelewa

Wengi wanaosoma haya wamekwisha kuishi pamoja miaka mitano, kumi au thelathini. Mwezi mmoja uliowekwa na sheria umepita zamani, na wanaogopa kuaibishwa. Ndoa yenu haikufa kwa sababu ya kuchelewa, inasubiri kuandikwa. Nendeni komini mkiwa wote wawili hai, na mashahidi wa mahari wakiwa bado wanaweza kutembea na kukumbuka. Ofisa akiona hawezi kuandika moja kwa moja, mahakama ya amani inaweza kutoa hukumu inayochukua nafasi ya hati. Mlango huo uko wazi hata baada ya kifo, lakini anayeupitia akiwa peke yake, mbele ya shemeji wanaokana, anabeba mzigo wa kuthibitisha kila kitu.

Anayesitasita mara nyingi ni mume, na sababu yake si ubaya siku zote. Wengine wanaogopa kwamba karatasi ni dalili ya kutoaminiana, wengine hawajamaliza mahari na wanaona haya mbele ya wakwe. Kwa huyo wa pili, arudi kwenye sharti la sheria: sehemu inatosha. Kwa wa kwanza ningemwambia, baba, ukifa kesho ni nani atakayemwambia kaka yako kwamba ulimpenda huyu mama? Wewe hutakuwapo.

Siku ya kwenda, mwanamume na mwanamke wabebe vitambulisho vyao, uthibitisho wa mahari na nakala ya hati ya parsele, kama ipo, na kila mmoja aje na shahidi wake. Kabla ya kusaini, someni majina herufi kwa herufi na muyalinganishe na yale ya kwenye sertifika ya nyumba, kwenye kadi ya kazi na kwenye hati za watoto. Angalieni kwamba utaratibu wa mali mliouchagua umeandikwa, si kutamkwa tu. Ombeni nakala mbili. Moja ikae nyumbani, nyingine iwekwe kwa mzazi au dada wa mke, mahali ambapo haitapotea siku nyumba itakapojaa watu.